Nondo Kumi na Mbili

Mambo yaliharibika Jumatano tarehe 26 Februari, saa nne asubuhi, karani wa manispaa alipobisha mlangoni kwa Saturnino Ccopa, futikamba mkononi, akaomba ngazi.

Saturnino hakushtuka. Alikuwa anamsubiri mtu wa namna hiyo kwa miaka ishirini na tano.

"Ngazi ya nini, binti?"

"Ya kupanda juu, mzee wangu. Nimetumwa nikaone ghorofa."

"Ghorofa hakuna."

"Basi nikaone kwamba hakuna."

Juu ya nyumba yake, kama juu ya nyumba zote za mtaa ule wa mlimani pale mjini Puno, kulikuwa na nondo tu. Kumi na mbili, zimesimama wima, zimevalishwa chupa za plastiki vichwani zisishike kutu. Nyumba iliyokwisha hutozwa kodi kamili ya jengo. Isiyokwisha hutozwa kidogo. Hesabu hiyo waliitunga wakubwa. Wao ndio waliowafundisha watu kuishi chini ya nondo, halafu wanatuma wasichana wenye futikamba waje washangae.

Saturnino kodi alizijua zote, na shule alitoka darasa la tatu. Kule reli alikofanya kazi, kodi ya mapato iliufikia mshahara wake kabla yake. Kwenye bia ushuru, kwenye petroli ushuru, na kwenye sabuni ile kodi ya ongezeko la thamani, ingawa thamani yenyewe hakuna aliyewahi kuiona ikiongezeka. Hata jeneza la mkewe, Domitila, Oktoba iliyopita, liliingiwa na kodi kabla halijaingiwa na Domitila. Akalinunua bila risiti. Kwenye jengo tu ndiko hawakumpata. Kile kidogo cha nyumba isiyokwisha alimpa Domitila akapeleke, maana yeye aliapa mguu wake hautakanyaga ofisi ile.

Domitila ndiye aliyetaka ghorofa. Chumba kimoja, alisema, na dirisha la kutazama ziwa, akae juani afume masweta yake ya kuuza. Vyumba vya chini havikupata jua, na kifua chake hakikupenda baridi. Aliomba mwaka hata mwaka. Saturnino alimjibu neno lile lile: kodi. Siku moja Domitila akamwambia hiyo kodi asiiogope, yeye atajua la kufanya. Saturnino alicheka mpaka akapaliwa, akamuuliza mfuma masweta anajua nini mambo ya kodi.

Hakuombwa tena. Kila mwisho wa Februari Domitila alivaa kofia yake nzuri, akachukua soli chache za kodi alizopewa na mumewe, akachukua na pesa zake za masweta, za mshumaa wa Bikira Mama wa Candelaria kanisani, alisema, akateremka mjini. Alirudi na mkoba mtupu. Saturnino aliwalaumu mapadre.

Kifua ndicho kilichomwondoa. Kwa hiyo kila aliyekuja kutoa pole aliambiwa kwamba marehemu ameuawa na manispaa.

Sasa manispaa hiyo imekuja yenyewe, inaitwa Yovana, na viatu vyake vimechakaa kisigino. Saturnino alijua anachotafuta. Akiandika kwamba ghorofa ipo, itadaiwa kodi ya miaka yote na faini juu yake, na nyumba itakwenda. Akamshikia ngazi vizuri, asije akaanguka, wakamdai na hiyo, kisha akapanda nyuma yake.

Jirani yake Casimiro alikuwa juu ya paa lake anaanika mashuka.

"Saturnino, wamekuja kukupima urefu? Kaburi limeshapatikana?"

"Wanapima hewa," Saturnino alijibu. "Kesho watakuja kwako, andaa pumzi."

Yovana alipima kutoka nondo mpaka nondo. Kisha akasimama upande wa ziwa kwa muda, kama anayetafuta kitu. Pembeni palikuwa na rundo la matofali, limefunikwa kitambaa cha kijani chenye maua, kimepindwa kwa mkono na kushonewa pete za kutundikia.

"Hili pazia, mzee?"

"Turubai."

Domitila alilinunua mwaka ule alioacha kuomba. La dirisha gani, hakusema.

Waliposhuka, Saturnino alitaka maneno yaandikwe kwa wino, siyo penseli: hakuna ghorofa, hakuna chumba, hakuna dirisha, na havijawahi kuwapo. Yovana aliandika yote hayo. Saturnino alitia sahihi, akatia na kidole gumba juu yake ili wasipate pa kupenya. Akajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, mpaka akamtilia yule binti chai ya majani ya koka.

Yovana alikunywa, akatoa kwenye mkoba jalada la zamani, akasoma polepole.

"Chumba kimoja cha juu. Sakafu ya mbao. Dirisha mita moja na nusu, upande wa ziwa. Kimeandikishwa na Bibi Domitila, mke wa mwenye nyumba. Kodi kamili, miaka kumi na tisa, hajachelewa hata siku moja. Mwaka huu tu ndio hatujamwona, ndiyo maana nikatumwa."

Akachukua rula, akapiga mstari juu ya chumba, juu ya sakafu, juu ya dirisha. Akaupuliza wino ukauke.

"Imebaki sehemu moja, mzee wangu, fomu haipokelewi bila hiyo," alisema, kalamu ikiwa tayari. "Niandike mama alikuwa analipia nini?"