Kaburi la Mjapani

Aling Pacing alimaliza kulipaka kaburi chokaa, akarudi nyuma kulitazama, kisha akachota matope akalichafua. Lilikuwa limependeza mno.

"Pakaza na msalaba," alisema Kapitan Herminio, mkuu wa kijiji. "Hili lina miaka thelathini, si la jana."

Lilikuwa la jana. Ndani mlikuwa na udongo uliochimbwa ukarudishwa, basi.

Habari zilikuja na boti ya samaki: Wajapani wanazunguka kisiwa chetu cha Mindoro wakitafuta mifupa ya askari wao waliopotea vitani, na mmoja wao ni mwanamke anayemtafuta kaka yake. Kaambiwa kaka huyo alionekana mara ya mwisho hapa kijijini, San Telmo.

Kijiji kizima kilikutana kanisani. Hata wale wa kanisa la ng'ambo ya mto, ambao hawasali na wenzao, walivuka wakaja. San Telmo haikuwahi kukubaliana hata nani atoe nguruwe wa sikukuu, lakini siku hiyo wote waliapa mbele ya sanamu ya Mtoto Yesu: askari yule alikufa kwa malaria, akazikwa. Zaidi ya hapo hakuna anayejua lolote. Wageni wasipoona kaburi, wataanza kuuliza nyumba kwa nyumba.

Aliyewatia hofu ni Mang Ambo. Ndiye aliyeongoza rozari na kupandisha bendera, na ukikosea neno moja la wimbo wa taifa alikurudisha mwanzo. Na tangu abatizwe hakuwahi kusema uongo.

"Mang Ambo, leo una homa," Kapitan alimwambia asubuhi hiyo.

"Sina homa."

"Unayo. Kalale."

"Leo Siku ya Uhuru. Bendera atapandisha nani?"

"Mimi."

"Mwaka jana uliweka nyekundu juu, alama ya vita. Nchi nzima ina amani, San Telmo peke yetu tuko vitani mpaka saa sita mchana!"

"Basi njoo. Ila ufunge mdomo."

Wageni walifika. Bibi Fumie alikuwa mwembamba, ana mwavuli mweusi na kikasha kilichofungwa kitambaa cheupe. Wimbo wa taifa ulipoimbwa alisimama wima kama wenyeji. Mang Ambo alikuwa nyuma kabisa, mkono kifuani, akichezesha midomo bila sauti.

Kaburini, mkalimani kutoka Manila alisema, "Mama anaomba mlifukue."

"Mwambie haiwezekani," alisema Kapitan. "Kwetu marehemu hasumbuliwi mpaka asaliwe siku tisa."

Boti yao ilikuwa inaondoka jioni. Bibi Fumie alifikiri, akasema atachukua udongo kidogo tu, ila anaomba kaka yake asaliwe, hata mara moja.

Hapo ndipo walipokosea. Kwa mazoea tu, watu wote waligeuka wakamtazama Mang Ambo. San Telmo hakuna maiti aliyewahi kusindikizwa na sauti nyingine. Kapitan alikohoa. Aling Pacing alimkanyaga mumewe, sijui kwa kosa gani. Lakini walikwishageuka.

Mang Ambo alitoa rozari mfukoni, akapiga magoti kwenye chokaa mbichi, akaanza. Sauti yake nzito ilikwenda polepole kama kawaida, na watu wakaitikia. Salamu Maria chache tu, na Bibi Fumie akaacha kulitazama kaburi.

Rozari ilipokwisha, Mang Ambo alibaki amepiga magoti, kainamisha kichwa.

"Sasa atasema," Aling Pacing alinong'ona. "Yesu wangu, atasema yote."

"Mwombee asiseme, badala ya kutupigia kelele," alijibu mumewe.

Mang Ambo hakusema kitu. Alijikung'uta magoti, akasimama pamoja na wengine.

Bibi Fumie alijaza udongo kikashani, akakifunga vizuri kwa kitambaa. Akapita mbele ya wanakijiji, akimwinamia kila mmoja kumshukuru. Kwa Mang Ambo aliinama zaidi, akakawia, akasema maneno machache kwa lugha yake, taratibu.

"Kasema nini?" Kapitan aliuliza.

Mkalimani alitazama chini.

"Anamwambia, kaka yangu, nyumbani nitawaambia umezikwa vizuri."