Kopo la Stevia

Nilichota kijiko kwenye kopo la stevia, anayotumia mume wangu badala ya sukari, nikasikia kinakwaruza. Unga wa majani yale matamu ni laini kama poda, haukwaruzi hata kidogo. Nikaweka punje ulimini. Sukari tupu!

Nikamwita mke wa mwanangu. "Nani kagusa kopo la baba mkwe wako?"

"Mimi, mama. Asubuhi nililikuta tupu, nikalijaza. Si limeandikwa 'sukari'?"

Kweli, limeandikwa. Ni kopo langu la zamani, sikubandua karatasi.

Kisukari kilishamlaza mume wangu hospitali mara mbili.

Nikakimbilia sebuleni. Alikuwa akiramba kijiko.

"Mzee, umekunywa vikombe vingapi vya chai?"

Akacheka. "Hiki cha nne, bibi. Leo hayo majani yako yamekolea!"