Mistari ya Mlangoni

Babake Kidoti ni seremala, na penseli haimtoki sikioni. Kila viatu vilipombana mwanawe, alimsimamisha mlangoni na kuchora mstari utosini pake. Tangu talaka, hakuna aliyempima.

Leo kaletwa kwa baba, kwenye nyumba ambayo baba mwenyewe aliapa kwamba kahamia juzijuzi tu.

"Baba, nipime! Nimerefuka!"

Akakimbilia mlango wa chumbani, kisha akaganda. Fremu ilikuwa na mistari tayari, ya mkono ule ule, ikipanda kutoka kiunoni pake hadi begani. Wa chini ulikuwa umeshafifia.

"Mtoto huyu ulianza kumpima lini?"

Baba akagusa penseli sikioni, asiitoe.

Kidoti akalamba kidole, akainama, akaanza kuufuta ule wa chini.