Sangara wa Chenge Gazetini

Haya ni kweli tupu, na asiyeamini aende Igogo akaulize. Mzee Chenge, opereta wa simu mstaafu, alivua peke yake, pale Kamanga ziwani, sangara mkubwa kuliko mtumbwi wake. Na gazeti moja la Ulaya liliandika.

"Liliandika lini?" Bashiru, mchuuzi wa samaki, alimuuliza Chenge. Hiyo ilikuwa 1999, ndani ya duka la intaneti la Modesta. "Kama lipo, kuanzia leo nakuamkia Mfalme wa Ziwa, na kile kiti cha heshima cha mlangoni ni chako. Kama halipo, unatulisha sato watu wote humu, na husimulii tena."

Chenge alikitazama kiti. Akinyamazishwa humo, angebaki mzee wa kukohoa tu.

"Nakubali. Modesta, mjukuu wangu, fungua."

Modesta hakuwa na haraka. Wiki nzima Chenge alikuwa akimjia kufundishwa. Modesta alimweleza kwamba kompyuta haijui majina, inajua namba. Ukiandika jina la gazeti, inatazama kwanza kijidaftari chake yenyewe, ambamo hata mtu anaweza kuandika. Isipolikuta humo, inapiga simu kuiuliza seva ya majina huko Dar.

"Kumbe ni opereta kama mimi," Chenge alisema siku hiyo. "Mtu anataja jina, wewe ndiye unayeamua umchomeke wapi." Akaomba abaki kidogo afanye mazoezi.

Sasa Modesta aliandika jina la gazeti, herufi moja moja, watu wakimchungulia begani. Siku zote modemu, kile kisanduku cha kuipigia kompyuta simu, hulia kama bata anayekabwa, na ukurasa mmoja hushuka taratibu hata ukamaliza kumenya muwa. Leo bata hakulia. Papo hapo likatokea jina la gazeti, na chini yake picha ya Chenge, kifua mbele, amekumbatia sangara.

Watu waliguna. Bashiru alivua kofia.

"Shikamoo, Mfalme wa Ziwa."

"Marahaba," Chenge alijibu, tayari anakisogelea kiti.

"Hongera, babu," Modesta alisema. Aliinama chini ya meza, akainuka na waya wa simu, plagi ikining'inia. "Huu nimeuchomoa tangu asubuhi. Hebu nieleze, Ulaya tumefikaje?"

Chenge aliitazama plagi, akakitazama kiti.

"Hao sato," aliuliza, "mnapenda wa kukaanga au wa mchuzi?"