Mgonjwa wa Kwanza

Kwa miaka mingi Siwatu alichunguza utando mwembamba unaozunguka bakteria, akitafuta namna ya kuutoboa. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, dawa iliyotokana na utafiti wake ilining'inia katika mfuko wa dripu juu ya kitanda cha mtu. Alikuwa Kombo, fundi mwashi. Kidonda chake cha mguu kilikuwa kimezishinda dawa zote, na homa ilimuunguza hata hakumjua mkewe.

"Umeshampa nani mwingine, daktari?" aliuliza Mize, mkewe.

"Panya tu, dada."

"Wakapona?"

"Wengi walipona. Wengine, dawa ilitoboa seli zao wenyewe, wakafa."

Mize alimtazama mumewe. Kisha akaushika mkono wa Siwatu, akauweka juu ya kifua cha Kombo, akaukandamiza.

"Basi usiondoke. Moyo wake uusikilize wewe mwenyewe. Haya, fungueni."

Muuguzi aliyesimama kando akafungua dripu. Tone likaanguka, likafuatwa na jingine. Chini ya kiganja cha Siwatu moyo ulienda mbio, ukasita, ukapiga tena. Na Mize alikuwa bado hajauachia mkono wake.