Kinyonga Mshika Fundo

Alikuwapo Kakakuona aliyezaliwa uchi kama kiazi kilichomenywa, na Chui alishamwona. Mama yake akampelekea Bi Mnana, ndege fundi wa kushona, kamba ya maagizo: kila mafundo matatu, gamba moja na namna ya kulishona.

Kwa desturi, mzee Kinyonga ndiye anayeipapasa kamba kwanza kwa vidole vyake vya koleo. Akilipata fundo la kuanzia, hulibana, huita "Hapa!", kisha huachia na kwenda zake.

"Kazi gani hiyo, babu?" Mnana akamcheka. "Kushika na kuachia! Leo naanza mwenyewe."

Akaanzia nchani. Kakakuona, mdadisi kupindukia, akahesabu naye: tatu, tatu, tatu. Hawakukosea hata mara moja. Lakini magamba yaliposhonwa yote na Kakakuona akajikunja kujaribu, ncha zote zilimchoma yeye mwenyewe.

"Uwii! Babu, tumekosea wapi?"

"Mmeanza fundo moja mapema."

"Moja tu?"

"Moja linatosha kupindua yote: kila gamba limechukua fundo la jirani yake. Fumueni."

Wakafumua, Kinyonga akashika, wakashona upya. Chui alipokuja aliuma, akaondoka bila jino. Aliyeanza pabaya, hata ahesabu vizuri vipi, anahesabu makosa.