Kijiji Kisicho na Jiwe la Vita

Ambrose Garfoot alikuwa mwana wa Josiah, na Josiah alikuwa mwana wa Reuben. Kwa zaidi ya miaka themanini, watatu hao ndio waliomfundisha kusoma na kuandika kila mtoto wa Aldersby, na upande ule wa Lincolnshire, Uingereza, hapakuwa na mwenye shamba wala mchunga kondoo asiyewavulia kofia. Kwa hiyo watu walistaajabu, mwezi wa Mei mwaka 1939, kumwona mzee mwenye heshima zake akizunguka vijijini kutafuta nyumba, na kila mahali akianzia kanisani.

Nyumba aliyoishi ilikuwa mali ya shule. Alikuwa amestaafu, mwalimu mkuu mpya alikuwa na watoto watano, na barua ilimtaka mzee awe ameondoka kabla ya mavuno. Alipanda basi, akashuka kijiji baada ya kijiji. Kabla ya kuuliza kama paa linavuja, alikwenda kusimama mbele ya jiwe la vita, lililochongwa majina ya vijana wa kijiji waliokufa katika Vita Kuu ya 1914, akasoma majina yote, moja moja, midomo ikicheza. Kelthorpe yalikuwa kumi na moja. Marfleby, ishirini na tisa. Akapanda basi tena.

Jiwe la Aldersby lilikuwa na majina mawili ya akina Garfoot, wanawe wawili kati ya watatu. Wa tatu alirudi na mapafu yaliyounguzwa na gesi, akaishi muda wa kutosha kumpata Clifford na kumfundisha kutembea. Sasa Clifford alikuwa anakaribia kutimiza miaka ishirini, na magazeti yalitangaza kwamba vijana wa umri huo wataitwa jeshini.

Clifford mwenyewe alitaka wahamie mjini Lincoln. Kiwanda cha mashine kilikuwa tayari kumpa kazi, kazi ambayo, kwa maneno ya watu, serikali isingethubutu kumtoa mtu humo kumpeleka vitani. Babu yake alimjibu kwamba hakuna Garfoot aliyewahi kujificha nyuma ya lango la kiwanda. Alilotafuta yeye lilikuwa jambo jingine, ambalo hakulitaja hata katika sala.

Alilipata Ossingby. Hapakuwa na jiwe. Ndani ya kanisa palikuwa na kibao kidogo cha shaba: Vijana kumi na sita wa Ossingby walikwenda vitani. Kumi na sita walirudi. Mungu ashukuriwe.

Bibi Maltby, mzee wa kanisa, alimkuta ameketi mbele ya kibao hicho, kofia magotini. Alimweleza kwamba nyumba ya kinu ilikuwa wazi. Mara nyingi huwa wazi, alisema, na wanaoipanga ni watu wa kutoka nje.

Mzee aliuliza kama maneno ya kibao yalikuwa ya kweli.

"Kweli tupu, Bwana Garfoot. Hata farasi wa mchungaji alirudi, na alikuwa na jicho moja."

Akauliza tena ni muda gani mtu hukaa hapo kabla ya kuhesabiwa mwenyeji.

Bibi Maltby alicheka. "Mpaka babu yake awe amelala kaburini kwenye ua huu wa kanisa. Mume wangu alitoka Kelthorpe, maili nne tu. Tumeoana miaka thelathini, na bado wanamwita yule mgeni."

Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu barua ile ifike. Aldersby nako walisema hivyo hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa amesema hivyo maisha yake yote. Akaweka sahihi ya kuipanga nyumba mchana huo huo.

Walihamia Juni. Clifford alibeba masanduku kwa uso uliokunjamana.

"Babu, hapa hata kunguru wanapiga miayo."

"Nawe utapiga miayo," mzee alisema. "Utapiga ukiwa hai."

Bibi Maltby aliwaletea mkate wa zabibu kavu na daftari, kwa kuwa ofisi ya jeshi ilitaka orodha ya vijana. Kurasa za mbele zilikuwa zimejaa majina ya wenyeji. Alizipita zote, akafunua ukurasa wa mwisho, akaandika hapo jina la Clifford, peke yake. Kisha akaomba kisu, akaanza kukata mkate.

Clifford alikuwa akifuta mlango wa jikoni. Chini ya masizi palitokea mistari ya penseli ya kupimia kimo cha watoto, ngazi nne za mistari, kila mstari na Krismasi yake: Wilf, Edgar, Stanley, na mdogo wao Hob. Ngazi ya Wilf ilikoma mwaka 1914. Ya Edgar, 1915. Ya Stanley, mwaka uliofuata. Ya Hob, 1917. Kijana alisahau kinyongo chake. Aliegemeza mgongo kwenye mwimo, akabana visigino, akaweka kiganja juu ya kichwa.

"Nimewapita wote, Babu. Nipe penseli."

Mzee alivaa miwani akausogelea mlango. Aliusifu mwandiko; mama aliyeandika vile, alisema, alikuwa amefunzwa vizuri. Akamuuliza Bibi Maltby kama vijana hao wanne walikuwa miongoni mwa wale kumi na sita.

"Hao?" Bibi Maltby hakuinua macho kutoka kwenye mkate. "Hapana, Bwana Garfoot. Hao walikuwa wapangaji wa nyumba hii, walikaa miaka kumi tu. Wote wanne walizikwa Ufaransa."

Clifford alikuwa bado amesimama wima mlangoni, mkono mmoja ameunyoosha akingoja penseli.

"Ondoka hapo," mzee alisema. "Nisikilize, mjukuu wangu. Ondoka hapo."